Kaunta ya Mama Leseni: Mgahawa unataka bia, jirani hataki

Mwezi huu nimepokea barua kadhaa, na mbili kati ya hizo nimeziweka pamoja kwa makusudi. Ya kwanza ni ya mwenye mgahawa anayesubiri halmashauri iamue ombi lake la kuuza vileo. Ya pili ni ya jirani anayelipinga. Hakuna anayejua kwamba mwenzake ameniandikia, lakini kwa alama walizozitaja ninaona wazi kuwa ni mtaa mmoja, mgahawa mmoja, na pengine walisalimiana asubuhi ileile barua zilipotumwa. Majina nimeyafuta, na zaidi ya kusema ni Kibirizi, Kigoma, mtaa wenyewe sitautaja. Ya tatu inatoka Kasulu, na jibu lake ni fupi.

Swali: *Shikamoo mama. Nina mgahawa njia ya kushukia Kibirizi. Nilianza na chai na maandazi, sasa napika migebuka, kuhe wa kuchoma, ugali wa muhogo na kisamvu cha mawese. Wateja wangu wa mchana ni abiria wa boti za Mwamgongo na Kagunga na wageni wanaokwenda Gombe. Jioni ni watu wa semina waliolala gesti za karibu. Hao wa jioni kila mara wanaulizia bia ya baridi, na nikisema sina, wengine wanaacha hata menyu. Nimeomba leseni ya vileo. Leseni ya biashara ninayo, kodi sidaiwi. Sasa nasikia kuna barua ya kunipinga, na kijana mmoja anayeshinda karibu na ofisi ananitaka laki mbili ili "faili lipande juu". Halafu rafiki yangu ananishauri nijaze leseni ya mgahawa kwa kuwa inapita kirahisi, nikishaipata niweke kaunta na spika kama baa nyingine. Nifanyeje, kikao kinakaa kabla ya Oktoba? — Mama Migebuka, Kigoma*

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na huyo rafiki yako, maana ndiye hatari kuliko kijana wa laki mbili.

Sheria ya Vileo, ile Namba 28 ya mwaka 1968 ambayo mpaka leo ndiyo tunayoitumia pamoja na marekebisho yake, haikutoa leseni moja ya "kuuza pombe". Imezigawa. Kuna ya baa, mtu ananunua na kunywa hapohapo. Kuna ya duka, mtu ananunua na kuondoka nayo. Kuna ya hoteli yenye vyumba vya kulala, ya mgahawa, ya klabu ya wanachama, na ya muda kwa shughuli kama harusi. Kila moja ina mipaka yake. Ya mgahawa inasimama juu ya chakula: mtu ameketi, ameagiza, anakula, na kinywaji kinakuja na sahani. Ukiweka kaunta, viti virefu na spika, huna mgahawa tena hata kama jikoni kuna sufuria moja inachemka kwa ajili ya macho ya mkaguzi.

Nilikaa upande wa pili wa meza ya halmashauri kwa muda mrefu, nikiandika mihtasari ya vikao vya leseni za vileo, na hila ya rafiki yako nimeiona ikiletwa na watu wenye akili kuliko yeye. Madiwani hawahitaji kwenda shule ya sheria kuitambua. Wanaomba mchoro wa jengo. Jiko likionekana limebanwa kwenye pembe ya mita mbili na ukumbi mzima umeandikwa "sehemu ya kupumzikia wageni", mmoja wao anacheka, na ukishachekwa kwenye kikao cha vileo, barua yako ya maombi haisomwi tena kwa moyo mweupe.

Halafu tuseme umepita. Leseni ya vileo siyo ya mwaka. Ina vipindi viwili: tarehe 1 Aprili hadi 30 Septemba, na tarehe 1 Oktoba hadi 31 Machi. Maana yake kila baada ya miezi 6 unarudi kuomba upya, na yule jirani aliyeandika barua mwezi huu ataandika nyingine, safari hii akiwa na ushahidi wa kelele zako. Ujanja unaotakiwa kufaulu mara mbili kila mwaka, mbele ya watu walewale, mimi nisingewekeza hela yangu humo.

Kwa hiyo swali la kwanza ujiulize mwenyewe usiku ukiwa umefunga hesabu: unataka kuuza samaki kwa mtu anayetaka bia, au unataka kuuza bia kwa mtu asiyetaka samaki? Yote mawili ni biashara halali. Ila ni maombi mawili tofauti, na kwa mtaa wenu mimi naona la kwanza linapitika, la pili halipitiki, na sitamlaumu diwani atakayelikataa.

Sasa kuhusu kikao chenyewe. Watu wanadhani uamuzi unafanyika siku ile mezani. Kwa sehemu kubwa umeshafanyika kabla, katika karatasi zilizopita kwa watu wa chini. Serikali ya mtaa inasema kama inakufahamu na haina kipingamizi. Afisa afya anakuja kuangalia vyoo, maji, mahali pa kuoshea vyombo, na kadi za wahudumu wako za kupima afya, zile za kila miezi 6. Mtu wa mipango miji anaangalia kama kiwanja ni cha makazi tupu au makazi na biashara. Polisi wanatoa maoni yao kuhusu usalama. Ombi lenyewe siku hizi linapita kwenye TAUSI, mfumo wa halmashauri wa mtandaoni, na malipo yanatoka kwa namba ya kumbukumbu unayolipia benki au kwenye simu yako. Hiyo ndiyo sababu kijana wa laki mbili hana kitu cha kukuuzia. Hana faili la kupandisha. Akikusumbua tena mwambie akupe namba ya kumbukumbu, utaona anavyokumbuka ana safari ya Uvinza.

Kitu ambacho ningekihangaikia mimi ni vyoo. Usicheke. Mgahawa wa chai unavumiliwa na choo kimoja cha nyuma chenye ndoo, kwa sababu mtu wa chai anakaa dakika 20. Mtu wa bia anakaa masaa, na asipopata choo atautafuta ukuta. Nimeona maombi mazuri, ya watu waungwana, yakikwama kwenye kipengele hiki, wakati mwombaji yuko nje amevaa suti anasubiri aitwe ajieleze kuhusu mtaji. Jenga vya kike na vya kiume, viwe na maji na taa, na mlango usiofungukia kwa jirani. Fanya hivyo kabla mkaguzi hajaja. Usimwambie "nitajenga".

La pili ni watoto. Mgahawa wako unaingia familia: mama anashuka kwenye boti na watoto watatu, wanataka wali samaki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamfanya mwenye baa anayeruhusu mtoto kuingia kuwa mkosaji, na mtoto kwa sheria hiyo ni yeyote chini ya miaka 18. Ukigeuza ukumbi kuwa baa, yule mama na watoto wake umewafukuza kisheria, na hao ndio wateja wako wa mchana wote. Weka friji ya bia ndani, karibu na jiko, siyo mbele kama pambo. Mhudumu achukue oda mezani, alete bia pamoja na chakula. Usitundike bango la kampuni ya bia juu ya jina lako hata kama wakikupa bure pamoja na viti vya plastiki. Viti pokea ukitaka. Bango linamwambia kila anayepita, pamoja na diwani, kwamba hapa ni baa.

La tatu nalisema kwa sababu tuko Kigoma. Ziwa hili linatuletea mengi, na baadhi ni kreti za bia kutoka Burundi na Kongo, zinazoshushwa usiku kwa bei inayotamanisha. Tangu 2019 bia, mvinyo na pombe kali zinatakiwa kuwa na stempu ya kielektroniki ya TRA, mamlaka ya mapato, na mkaguzi anaihakiki kwa simu yake papo hapo, mbele ya wateja. Kreti moja ya magendo itakugharimu leseni uliyoihangaikia tangu mwaka uanze. Nunua kwa wakala, dai risiti ya mashine, uitunze.

Na hiyo barua ya kupinga usiikimbie. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mwombe akuambie imesema nini. Ukishajua, usiandike barua ya kujibizana. Andika masharti yako mwenyewe, uyaambatanishe kwenye ombi: kwamba bia itauzwa na chakula tu, kwamba hutauza ya kuondoka nayo, kwamba muziki utakuwa wa ndani na mdogo, kwamba jiko likifungwa na bia inafungwa, kwamba chupa tupu zitakaa ndani ya uzio na kuondolewa. Mwombaji anayekuja na pingu zake mwenyewe mkononi ni adimu, na wajumbe wanapenda kumpitisha, kwa kuwa anawapa kitu cha kuwaonyesha wananchi wanaolalamika. Lakini uyatimize. Yatakuwa kwenye faili lako, na Machi yatasomwa.

Jambo moja zaidi, la wenyeji. Unajua wavuvi wa dagaa wanafanya kazi giza, na mbalamwezi ikikomaa wanapumzika. Siku hizo ufukwe mzima una vijana wenye hela na hawana usingizi. Watakuja kwako wakisikia kuna bia, na hawatakuja kwa ajili ya kisamvu. Amua mapema utawaambia nini. Ukisema "leo tu", umeshakuwa baa, na majirani wako, ambao nao wanajua kalenda ya mwezi kama wewe, watakuwa dirishani wakiandika tarehe.

Swali: *Asalaam aleikum mama. Mtaani kwetu kuna mgahawa wa dada mmoja, mpishi mzuri, sina ugomvi naye. Sasa anaomba auze pombe. Karibu yake kuna madrasa, watoto wanatoka saa 12 jioni na kupita mbele ya mlango wake. Zamani palikuwa na grosari hapohapo, ikawa spika mpaka saa 8 usiku na ukuta wangu ukageuzwa choo. Tumeandika barua tukasema pombe ni haramu na imeharibu vijana wetu, tumekusanya sahihi za watu wengi, wengine mpaka wa Ujiji. Je, halmashauri inaweza kukataa ombi kwa sababu hiyo? Na ni kweli kwamba ikishapitishwa basi, hatuna la kufanya? — Jirani, Kibirizi*

Jibu: Wa aleikum salaam, kaka yangu. Barua yako imejaa hoja nzuri, ila mlizopeleka halmashauri siyo hizo.

Mmeandika kwamba pombe ni haramu. Kwa imani yako ni haramu, na hakuna diwani atakayebishana na wewe juu ya hilo. Lakini kikao cha vileo kimewekwa na sheria inayoruhusu vileo viuzwe kwa leseni. Wajumbe wake wengine ni wa dini yako na wengine sivyo, na wote wameketi kuamua kama *mahali hapa* na *mtu huyu* wanafaa. Ukiwapa hoja inayokataa baa zote za Mwanga hapa mjini Kigoma kwa pamoja, hawana namna ya kuitumia kukataa mgahawa mmoja wa Kibirizi. Wataipokea kwa heshima, wataiandika kwenye muhtasari, wataendelea na ajenda.

Sasa tazama ulichoniandikia mimi. Watoto wa madrasa wanatoka saa 12 jioni na wanapita mlangoni. Hilo linapimika: ni hatua ngapi, wanapita upande gani, ni siku zipi za wiki. Grosari ya zamani ilipiga muziki mpaka saa 8 usiku, wakati baa yenyewe kwa sheria inafungwa saa 5 usiku siku za kazi na saa 6 usiku siku za mapumziko. Hilo ni kosa, na kama mliripoti kwa mtendaji kuna kumbukumbu. Ukuta wako uligeuzwa choo. Hilo linamgusa afisa afya moja kwa moja. Andikeni barua nyingine, fupi, yenye mambo hayo matatu, na muipeleke kabla ya kikao. Kurasa mbili zinatosha. Za kwanza zilikuwa ngapi sijui, lakini nahisi zilikuwa nyingi.

Kuhusu sahihi. Waondoeni watu wa Ujiji. Nawapenda watu wa Ujiji, mimi mwenyewe nimeolewa huko, lakini spika ya Kibirizi haifiki Ujiji na kila mjumbe anajua hivyo. Sahihi 10 za nyumba zinazopakana na mgahawa, kila moja ikiwa na namba ya nyumba na simu, zina uzito kuliko orodha ndefu ambayo mwandiko wake unafanana kuanzia juu mpaka chini. Wajumbe huwa wanaiinua karatasi hiyo kwenye mwanga, nawaambia kweli, na ikishagundulika mkono mmoja umesaini watu 15, hata majirani wa kweli waliomo humo wanapoteza sauti.

Halafu uwe mwadilifu kwa huyo dada. Makosa ya grosari siyo yake. Umesema mwenyewe ni mpishi mzuri na huna ugomvi naye. Katika barua yenu wekeni aya ya mwisho inayosema: iwapo halmashauri itaona vema kumpa leseni, tunaomba iwe ya mgahawa na siyo ya baa, pasiwe na spika nje, vyoo vikamilike kabla hajaanza, na pombe isiuzwe kabla watoto hawajapita. Najua baadhi yenu mtaona hiyo ni kukubali nusu ya haramu. Mimi naiona tofauti. Mkiandika "tunakataa" peke yake na kikao kikapitisha, mtakuwa hamna sharti hata moja la kumshikia. Kama ningekuwa bado mezani pale, ningependekeza apewe ya mgahawa na anyimwe ya baa, kwa jengo lilelile na siku ileile, na barua yenye aya kama hiyo ingenirahisishia kazi.

Swali lako la pili, kwamba ikishapita basi: siyo kweli kabisa. Leseni ya Oktoba inakwisha Machi 31. Akivunja masharti, andika tarehe na saa, umpelekee mtendaji wa kata, uombe nakala igongwe muhuri. Anapoomba leseni upya ndio wakati wa nakala hizo kufanya kazi. Kwa kelele kuna mlango mwingine pia: Kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, na maafisa mazingira wa halmashauri wanazisimamia, na viwango vya usiku ni vya chini kuliko vya mchana. Zamani hapa kwetu mtu alikuwa anasingizia jenereta, kwamba spika ni ndogo ila mashine ya umeme ndiyo inayounguruma. Tangu tulipoungwa na gridi ya Taifa kisingizio hicho kimekosa nguvu.

Na kabla ya yote hayo, kwa nini usivuke barabara ukaongee naye? Nina sababu ya kuamini kwamba atakusikiliza. Mchukue mwenyekiti wa mtaa awe shahidi, kaeni chini, mwambieni habari ya ukuta na ya watoto. Mkikubaliana, makubaliano hayo yaandikwe na kugongwa muhuri, yaende kwenye kikao pamoja na ombi lake. Karatasi ya namna hiyo nimeiona mara chache sana, na haikuwahi kuchukua hata robo saa ya muda wa wajumbe.

Swali: *Mama, mimi nina duka Kasulu mjini. Leseni yangu ya vileo ni ya dukani, mteja anunue aondoke. Lakini jua likizama wateja wanakaa kwenye benchi yangu ya nje wanakunywa, siwaiti mimi. Juzi nimeonywa. Kosa langu ni lipi? — Muuza Duka*

Jibu: Kosa ni benchi. Na kifungulio cha chupa ulichokifunga kwa kamba dirishani, ambacho hukukitaja lakini najua kipo. Mteja wa leseni yako anaondoka na chupa ikiwa imefungwa. Akifungua barazani kwako, kwa macho ya mkaguzi wewe unaendesha baa bila leseni ya baa, haijalishi nani kamwita nani. Ingiza benchi ndani leo. Kama hesabu zinaonyesha kwamba hela yako inatoka kwenye hilo benchi na siyo kwenye unga na sabuni, basi omba leseni ya baa kwa kipindi kijacho, na uanze na vyoo.

*Maswali ya toleo lijalo yaletwe kabla ya mwisho wa mwezi. Wanaouliza kuhusu ushuru wa mawese nimewaona, nitawajibu wote pamoja.*